Mkono Unapofika

Saa kumi alfajiri, Hull, barabara ya Newland.
Simu inaniuliza: wewe nani?
Naiinulia uso. Inatikisika, inakataa.
Jicho la kushoto limeumuka usiku kama andazi,
mdomo wa juu umetangulia,
unafika mahali kabla yangu.
Nabonyeza tarakimu sita gizani,
mwizi mwenye ufunguo halali.

Hauumi. Watu hudhani unauma.
Unawasha. Kwanza kiganja cha kulia,
na mama alisema kiganja hicho kikiwasha fedha zinakuja.
Mwaka wa sita huu zinakuja. Zimepotea njia.
Kisha kiuno, pale ukanda ulipokaa,
bega, alama ya mkoba,
nyayo, ndani kabisa, kucha isikofika,
kama nimevuka shamba la upupu peku.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu nimempa jembe, fagio, na notisi ya kuhama.
Anaondoka adhuhuri, haachi hata unywele mtoni,
usiku anarudi na mizigo.

Dokta Ashworth aliniona Jumanne saa nane.
Miezi minne nimeingoja miadi ile,
na siku hiyo hiyo ngozi ikaamua kunisaliti:
safi kama sahani ya wageni.
Nikamtolea picha.
Paja, tumbo, kope, paja tena,
na katikati, kwa bahati mbaya, keki ya Tausi kutimiza miaka tisa.
Aliitazama keki kwa makini, kama dalili.
Akasema ugonjwa huu hujianzia wenyewe,
akautaja jina lake, refu, la Kilatini au la karibu.
Nililiandika mkononi kwa kucha.
Kabla hajamaliza kuchapa
lilikuwa limevimba, herufi kwa herufi, linasomeka.

Shangazi Mwanahawa, kwa simu kutoka Tanga: ni kijicho.
Nani atanionea kijicho, shangazi?
Nafua mashuka ya hospitali kwa zamu.
Mimi najua, akasema. Wao hawajui.

Nimeacha kamba. Nimeacha nyanya.
Nimeacha iliki kwenye chai, na iliki niliililia.
Nilipoirudia ilikuwa haina hatia.
Vidonge vinne kila usiku
vinanilaza mimi,
mwasho vinauacha macho.

Mtu hujikuna mkono unapofika.
Aliyesema hivyo hakuwa na mgongo.
Katikati ya mabega yangu kuna wilaya isiyo na barabara.
Nimeiendea kwa uma, kwa mpini wa mwiko,
kwa fremu ya mlango, na siku moja, Mungu nisamehe,
kwa matofali ya kituo cha basi, kama ng'ombe,
mbele ya vijana wa shule waliovaa tai.

Denise wa mashine ya tatu, mwezi wa kwanza,
alihamisha mkate wake meza ya pili.
Yaambukiza? aliuliza, akiangalia pembeni.
Nikasema hapana. Akasema sawa. Mkate haukurudi.

Leo mvuke umezidi, mafeni mawili yamekufa,
akanikuta nimejibana kwenye rafu ya foronya,
najisugua, machozi yananitoka bila huzuni.
Akavua glavu.
Wapi?
Juu. Kushoto. Hapana, kushoto kwangu.
Hapo.
Hakukuna. Aliweka kiganja tu,
kibichi, kina baridi ya bomba la uani,
akakiacha,
akaendelea kunisimulia habari za Lee, mwanawe,
na bei ya gesi, na mbwa wa jirani anayebweka kwa zamu kama sisi.

Kengele ililia. Hakuuondoa mara moja.
Mkono ulinukia sabuni yetu,
ile ya buluu ya mapipa,
ambayo labda ndiyo inayonidhuru.
Sikusema.